Chema Hakijiuzi, Hasa Kikiwa na Turbo

Leo ugomvi wangu ni na methali. Wazee walituambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli kwenye soko la nazi na samaki, ambako mnunuzi hunusa, hubonyeza, hugeuza, na papo hapo akajua. Katika soko la magari yaliyotumika hapa Kenya, methali hiyo imesimama kichwa chini miguu juu. Kibaya kimeoshwa, kimepigwa polishi, mita imerudishwa nyuma, kimeegeshwa mbele kabisa ya yadi, nacho chajiuza kabla ya saa sita mchana. Chema kiko nyumbani kwa mwenyewe kikijieleza.

Chema ninachokisemea ni cha aina moja tu: gari lenye nguvu ambalo mwenyewe amelifanyia marekebisho, akalitunza, na sasa analiuza mwenyewe bila dalali. Ninalo moja. Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2005, iliyoingia nchini 2012, na nimeiendesha kwa miaka mitano. Ninaiuza kwa sababu ya kawaida kabisa: mtoto amekuja, na kodi ya nyumba haijali turbo.

Tangu niseme ninaiuza nimesikia maneno matatu, yakirudiwa na watu tofauti. La kwanza: "Hii imemodifaiwa, kwa hivyo imeharibiwa." La pili, kutoka kwa dalali: "Bosi, rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, kesho nakuletea mteja." La tatu: "Haya makaratasi yote ni ya nini? Wewe niambie bei ya mwisho."

Nayapinga yote matatu, na msimamo wangu ni huu. Gari lililobadilishwa likiwa na kumbukumbu ni la kuaminika kuliko gari "ambalo halijaguswa" lisilo na kumbukumbu. Na yeyote anayeficha mabadiliko ili auze haraka anamwibia mnunuzi, hata kama gari lenyewe ni zima.

Tuanze na swali la kwa nini soko letu liko hivi. Mwaka wa 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida kadhaa yalikuwa yameyakataa kwanza. Mwaka wa 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kazi yao kuhusu masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine. Hoja yake mtu wa Nairobi anaielewa bila digrii yoyote. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya katikati, bei ya kujikinga. Bei hiyo inamfurahisha mwenye gari bovu na inamuumiza mwenye gari zima. Mwenye gari zima anaghairi, anabaki nalo. Sokoni wanabaki wabovu, wanunuzi wanaumwa, bei ya kujikinga inashuka tena. Mwishowe magari mazima yanatoweka sokoni, na sote tunalalamika kwamba Wakenya hawana uaminifu.

Tiba ya ugonjwa huo ni habari. Wala si habari za mdomoni, za "hii ilikuwa ya daktari, ilikuwa inaenda kanisani tu". Ni habari ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua bila kuniamini mimi.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo nivumilie kidogo. Ukinikabidhi mfumo uliobadilishwa mara mia nne, na kila badiliko lina tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake, nitaanza kazi Jumatatu asubuhi bila wasiwasi. Ukinikabidhi mfumo ambao unaniapia haujaguswa tangu 2005, hauna maelezo, na aliyeujua amehama kampuni, swali langu la kwanza litakuwa nakala ya akiba iko wapi. Sisi wa kompyuta tunajua kwamba kinachotisha ni badiliko ambalo halikuandikwa. Lakini tukivuka barabara kwenda kununua gari, akili hiyo tunaiacha ofisini, tunaanza kuuliza "halijaguswa?"

Hakuna gari la miaka 20 ambalo halijaguswa. Limebadilishwa mkanda wa taimingi, au halijabadilishwa na liko karibu kukuua. Injini ya STI hii ni ya familia ya EJ, na mkanda huo hubadilishwa baada ya takribani kilomita 100,000. Ukikatika injini ikizunguka, vali hukutana na pistoni, na hapo unanunua injini nyingine. Gari likiwa na mita iliyorudishwa nyuma, wewe unayehesabu kilomita zako kwa mita hiyo unahesabu uongo. Kwa hivyo swali la kuuliza si kama limeguswa. Uliza nani aliligusa, lini, na iliandikwa wapi.

Sasa nije kwenye lile neno takatifu, "kama lilivyotoka kiwandani". Kiwanda gani, na kwa barabara za nani? STI ya soko la Japani ilitengenezewa petroli ya hali ya juu ya kule, ambayo oktani yake hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Oktani ni uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Ikilipuka mapema, injini hugonga, na katika injini yenye turbo kugonga huko ndiko kunakopasua pistoni. Ni kweli kompyuta ya injini ina sikio, yaani sensa iliyofungwa kwenye bloku. Ikisikia kugonga, inachelewesha cheche ili injini ipone. Lakini huko ni kujihami, si kuishi. Ongeza kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na turbo hulazimika kufanya kazi zaidi kupata kiasi kile kile cha hewa. Gari la namna hiyo ambalo halijarekebishwa ni programu iliyoandikiwa seva nyingine, inayoendeshwa hapa kwa kuvumilia makosa.

Kwa hivyo fundi aliyeandika upya ramani ya mafuta na cheche ya gari langu, kwenye mashine ya kupimia nguvu, kwa petroli ninayonunua hapa, hakuliharibu. Alilihamishia Kenya. Redieta kubwa ya alumini ni kwa ajili ya foleni ya barabara ya Mombasa. Pedi za breki za daraja la juu ni kwa sababu gari lenye nguvu ya farasi 280 halipaswi kusimama kama Probox iliyobeba miraa. Geji ya presha ya oili ni kwa sababu taa nyekundu ya kwenye dashibodi huwaka wakati mazishi yameshapangwa.

Usinielewe vibaya. Sitetei kila aliyefunga bomba la kupiga kelele. Kuna marekebisho ya ujinga, na nitayataja. Ile vali inayopiga mluzi ukiachia mafuta, kwenye Subaru hizi ni hasara. Sensa ya hewa imeshaihesabu hewa ile. Ukiimwaga nje, kompyuta inanyunyiza petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena, na plagi zinaanza kujaa masizi. Kukata springi ili gari likae chini ni kukata usalama wako kwa msumeno. Kupakia ramani ya injini iliyookotwa mtandaoni, iliyoandikiwa petroli ya nchi nyingine, ni kucheza kamari na pistoni. Ukiniambia gari la hivyo ni bovu, nitakuunga mkono. Ila utalijuaje? Hutalijua kwa kulikodolea macho bampa. Utalijua kwa kuuliza kila kifaa kiliwekwa kwa nini, na kuona kama mwenye gari ana jibu au ana mluzi tu.

Na hapa ndipo ushauri wa dalali unapogeuka kuwa hatari, si udanganyifu pekee. "Rudisha kila kitu" maana yake ni rudisha kinachoonekana. Hakuna atakayerudisha programu iliyomo ndani ya kompyuta, kwa sababu mteja haioni. Sasa fikiria. Ramani ya injini imeandikwa kulingana na njia ya hewa iliyofungwa: ukubwa wa bomba ambalo sensa ya hewa imekaa ndani yake. Ukiondoa bomba hilo, ukafunga kasha la kiwandani, halafu ramani ikabaki ile ile, kompyuta inasoma kiasi cha hewa kisicho sahihi na mchanganyiko wa hewa na petroli unakosewa. Gari linawaka, linanguruma vizuri yadini, linang'aa. Siku mnunuzi atakapopanda mlima kutoka Mai Mahiu amejaza familia, injini inafanya kazi kwa hesabu ya uongo. Gari ambalo lilikuwa salama likiwa limebadilishwa wazi limekuwa bomu kwa kufanywa lionekane "safi". Mimi siwezi kulala na jambo hilo ili nipate laki mbili za ziada.

Sasa makaratasi, yale ambayo mteja wa tatu hataki kuyaona. Faili la gari langu lina vitu hivi:

1. Risiti za kila huduma, zikiwa na tarehe na usomaji wa mita, na karatasi ya mnada ya Japani lilikonunuliwa kwanza. Karatasi hiyo huandika mita na daraja la gari. Ukiona herufi R, ujue liliwahi kupata ajali na kutengenezwa.

2. Orodha ya kila badiliko: nini, lini, kwa nini, fundi wa aina gani, na kifaa cha kiwandani kiko wapi. Vingi viko kwenye sanduku, vinakwenda na gari.

3. Faili mbili za kompyuta ya injini: ya kiwandani na inayotumika sasa, kila moja na jina la toleo lake. Fundi atakayekuja asianze kubahatisha.

4. Kipimo cha kampresheni cha mitungi yote 4. Katika kipimo hicho tazama zaidi kama mitungi inakaribiana. Mmoja ukiachwa nyuma na wenzake, ondoka, hata gari ling'ae vipi.

5. Rekodi za injini za miezi 18, zilizochukuliwa kwa kebo na RomRaider, programu ya bure yenye msimbo huria.

Hilo la tano ndilo nataka wapenzi wa kompyuta mlielewe. Kompyuta ya Subaru hizi inajifunza. Kila ikisikia injini ikigonga, inaandika ni katika mzunguko gani na mzigo gani, na inapunguza cheche hapo. Pia inatunza namba moja inayoonyesha imani yake kwa petroli na kwa ramani: katika matoleo mengi namba hiyo huanzia 0 hadi 1, katika ya zamani hadi 16. Ikiwa juu kabisa na marekebisho ni madogo, injini ina amani. Ikiwa imeshuka, injini imekuwa ikilia na mwenye gari amekuwa akiongeza sauti ya redio.

Na udanganyifu wake ni rahisi mno. Fungua waya wa betri usiku, asubuhi kumbukumbu hizo zimefutika, kompyuta inaanza kujifunza upya kama mtoto wa chekechea. Mnunuzi akichomeka kebo anaona mtoto asiye na dhambi. Ndiyo maana picha ya siku moja haitoshi, na rekodi ya miezi mingi ina thamani. Na ndiyo maana mnunuzi makini anapaswa kuomba aliendeshe kwa muda wa kutosha, halafu asome namba tena. Muuzaji anayekataa kebo ichomekwe ameshajibu swali lako.

Dalali anaingia wapi katika haya yote? Haingii, na hapo ndipo kisa kilipo. Madalali hawapati riziki kwa kulijua gari; wanapata kwa tofauti kati ya bei niliyomwambia mimi na bei aliyoambiwa mnunuzi. Tofauti hiyo huishi gizani, mahali ambapo sisi wawili hatukutani. Faili langu ni taa. Linaleta maswali, maswali yanaleta simu kwa mwenye gari, na simu hiyo inaua tofauti. Siwachukii, kila mtu na ugali wake, na kwa Vitz ya kawaida huenda hakuna atakayeumia. Lakini gari lililobadilishwa likipita mikononi mwa watu watatu wasiojua ramani yake imeandikiwa bomba lipi, mnyororo wa habari umekatika. Habari zikikatika, gari lenyewe limeanza kufa.

Serikali nayo ina neno lake katika hili. Kwa Sheria ya Trafiki, mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili huhesabiwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hivyo muuzaji unayekabidhi funguo na fomu zilizotiwa sahihi nusu nusu, ukingoja dalali "amalize mambo ya logibuku", unabeba dhambi za mtu usiyemjua. Uhamishaji unaanzishwa na muuzaji mwenyewe katika akaunti yake ya NTSA kupitia eCitizen, na mnunuzi anaukubali katika yake. Fanyeni mkiwa mmekaa meza moja, pesa ikiwa imeonekana benki, si kwenye ujumbe wa simu. Mnunuzi naye atafute kumbukumbu za gari kabla ya kutoa arbuni, aone kama halina mkopo juu yake, na alinganishe namba ya injini na ya chasi na zilizo kwenye logibuku. Magari haya hubadilishwa injini mara nyingi, na injini mpya au rangi mpya ambayo haijasajiliwa ni kesi inayokungoja kwenye kizuizi cha polisi. Mwisho, bima. Anayekata bima ana wajibu wa kueleza ukweli wote wenye uzito, na marekebisho ya injini ni mojawapo. Muuzaji aliyekuficha marekebisho hayo amekufanya umdanganye bima yako bila kujua, na siku ya ajali ni wewe utakayeambiwa hulipwi.

Najua majibu mtakayonirushia. La kwanza, "Mkenya hasomi makaratasi, anataka bei." Mkenya huyo huyo husoma mkataba wa shamba kwa miwani mbili akiwa na wakili na mjomba. Anasoma pale ambapo amefundishwa kwamba karatasi ina thamani. Sisi wauzaji ndio tumemfundisha kwamba kwa gari haina, kwa sababu hatujawahi kumpa.

La pili, "Utauza kwa hasara, na yule aliyeficha atauza kwa faida." Inawezekana. Lakini hesabu idadi ya magari haya. Aina hii ya STI iliacha kutengenezwa 2007, na kwa sheria yetu ya miaka 8 haijawezekana kuingiza nyingine kwa zaidi ya muongo mmoja. Zilizopo ndizo hizo, na kila wiki moja inakunjwa kwenye mti au inavunjwa iuzwe vipande kule Kirinyaga Road. Nchi iliyomwona Colin McRae akishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka wa 1997, na Richard Burns mwaka wa 2000, haitakosa mtu wa kuitaka iliyo nzima. Mtu huyo hatafuti bei ya mwisho, anatafuta ushahidi. Namngoja.

La tatu ndilo zito: "Makaratasi pia hughushiwa." Naam. Risiti moja hughushiwa. Ila kughushi risiti za miaka mitano, zikubaliane na mita, zikubaliane na rekodi za injini, zikubaliane na kipimo cha kampresheni ambacho mnunuzi atakirudia kwenye gereji aliyoichagua mwenyewe na kuilipa mwenyewe, hiyo ni kazi kubwa kuliko kulitunza gari lenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya kumbukumbu nyingi: zinashuhudiana.

Kwa hivyo wewe muuzaji, usirudishe bomba la kiwandani ili kumpendeza dalali. Liuze gari kama lilivyo, liseme lilivyo, taja hata kile kisichopendeza. Langu lina kutu kidogo chini ya mlango wa nyuma kushoto na gia ya pili hukataa likiwa baridi. Nimeandika vyote mwanzoni mwa orodha, kabla ya nguvu za farasi. Nawe mnunuzi, ukikutana na mtu aliyekuandikia ubovu wa gari lake kwa mkono wake, acha kumwadhibu kwa kumkata bei kana kwamba ndiye pekee mwenye gari lenye kutu. Wenzake wote wanalo. Yeye ndiye aliyekwambia.

Tukiendelea kuwalipa wanaoficha na kuwakata wanaosema, tusishangae tukiuziwa siri. Faili liko mezani, kebo ipo, na bei imeandikwa ukurasa wa mwisho. Ukitaka kuijua, anza ukurasa wa kwanza.